Mdhamini wa Mcheri

Theluji inapoanza kudondoka matone kutoka kwenye mapaa, watu wa bonde letu huchukua shoka na kwenda kuitia hofu miti isiyozaa. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anasimama mbele ya mti, anainua shoka na kusema kwa sauti ya kusikika hadi mizizini kwamba mti huu umekula mbolea ya bure vya kutosha, leo ni kuni. Wa pili anamshika mkono na kumsihi: usiukate, mimi ni mdhamini wake, mwakani utazaa. Mwenye shoka ananung'unika kidogo, anaugonga mti kwa kisogo cha shoka, kisha wote wawili wanarudi ndani kunywa chai. Mtu wa mjini akitaka kucheka, na acheke. Mpeasi wa babu yangu ulizaa baada ya kutishwa hivyo, na sijapewa maelezo mengine yaliyoniridhisha.

Lakini udhamini una mpaka wake. Mti mmoja unadhaminiwa mara tatu. Msimu wa tatu ukipita bila tunda, hakuna tena wa kulishika shoka, kwa sababu mdhamini mwenyewe amekwisha kuwa muongo, na neno la muongo haliuzuii mkono wa mtu.

Nazmiye, mjane wa Rustem, alikuwa ameudhamini mcheri wa kaburini kwa mara ya tatu.

Huo ulikuwa mcheri mwitu ambao hakuna aliyeupanda. Pengine dubu, pengine ndege, aliangusha kokwa katika kijibonde kilichoko nyuma ya nyumba yake, na mti ukakua hapo kabla hata Nazmiye hajaletwa kuolewa. Sisi hatuna makaburi ya mbali. Kila ukoo huwazika watu wake kwenye shamba lake, ili maiti wasipate upweke na walio hai wasipate kisingizio. Chini ya mcheri huo alizikwa Selami, mtoto pekee wa Nazmiye, akiwa na miaka kumi na tisa.

Aliyempiga risasi alikuwa Bahri, mwana wa Zarife, nyumba ya ng'ambo ya kijito. Vijana hao walikuwa wamelelewa kama chanda na pete. Ugomvi haukuwa wao, ulikuwa wa baba zao, juu ya mpaka wa shamba la njugu zinazozaa mitini, zile zinazotulisha sote kwenye mlima huu. Wazee walitukanana miaka mingi bila kugusana. Vijana walirithi ule ugomvi, na bastola pia wakairithi. Bahri akaenda jela. Watu wake, kama desturi ya damu inavyotaka, wakapakia vyombo vyao kwenye lori na kuhamia bonde la pili, ili mama aliyefiwa asikutane na nyuso zao kisimani.

Mwaka uliofuata, pembeni ya shina kubwa, chipukizi liliota. Halafu jingine, hatua chache mbele, upande wa nyumba. Mizizi ya mcheri mwitu hutembea chini kwa chini na kuchungulia inapotaka, hilo kila mtu analijua. Nazmiye naye alilijua. Ila alijua na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Baada ya sala ya alasiri, ukungu unapopanda kutoka baharini na kuyafunika mashamba, alisikia nyayo zikija kutoka kijibondeni. Zilikuwa nyayo za mtu mwepesi aliyezoea kukimbia mteremkoni, na zilisimama pale penye chipukizi la mwisho, si mbele wala nyuma yake. Chipukizi likitokea mbele zaidi, mwaka huo nyayo nazo zilifika mbele zaidi. Lilipotokea chini ya ukuta wa mawe, alisimama ukutani. Lilipotokea kando ya kisima, alisimama kisimani.

Basi mtoto alikuwa anarudi nyumbani, polepole, kwa mwendo wa mzizi.

Nazmiye aliyazungushia machipukizi yote fito ili mbuzi wasiyatafune. Aliyamwagilia. Jioni aliketi kwenye kibaraza na soksi anayofuma, akasikiliza, na nyayo ziliposimama alisema kimoyomoyo, haya, leo inatosha, pumzika. Rustem alifariki bila kusikia chochote. Mashina yakawa kichaka, kichaka kikawa kama kijisitu, na kila masika kilijaa maua meupe hadi ungedhani theluji imesahau kuondoka. Kisha maua yakaanguka. Tunda hata moja halikubaki.

Watu wakasema. Sisi tena, tuache kusema? Wakasema miti ile imekula kijana, ndiyo maana haitaki chakula kingine. Wanawake wakipita na matenga ya njugu walizunguka njia ya juu. Ihsan, mdogo wake Rustem, ambaye nusu ya shamba ilikuwa yake, hakuwa mtu mbaya, na hili naliweka wazi kwa sababu wengi wamemsingizia. Yeye ndiye aliyemletea shemeji yake kuni, ndiye aliyepanda paani kubadilisha mbao zilizooza. Lakini siku moja alimkuta Nazmiye akizungumza na chipukizi la kisimani, anaulizia habari za baridi huko chini, na Ihsan akageuka akarudi kwake. Tangu hapo aliona dawa ni shoka.

Mwaka wa kwanza na wa pili aliinua shoka kwa utani, wakacheka. Mwaka huu wa tatu hakucheka mtu. Theluji ilikuwa ingali miguuni. Nazmiye alimshika mkono, akasema maneno yake ya udhamini, na Ihsan akaugonga mti taratibu.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya mwisho, na safari hii si mchezo. Mnunuzi wa mbao anakuja majira ya joto yakiisha. Kama hakuna tunda nang'oa kila kitu, na mizizi yake. Kaburi sitaligusa."

"Ukiing'oa mizizi atapita wapi?"

Ihsan hakumuuliza nani. Aliangalia pembeni, akavuta kofia hadi masikioni. "Ndiyo hilo ninalolisema," akajibu.

Kuanzia siku ile Nazmiye hakupata usingizi wa maana. Amekwisha kufika kisimani, hatua chache tu na mlango wa jikoni, na sasa njia yake ikatwe? Hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya kumwona mwanawe. Ilikuwa ya kukaa kibarazani alasiri moja, ukungu ukapanda, na asisikie kitu.

Kiangazi cha nyuma alikuwa amepita binti mmoja wa chuo cha misitu, jina lake Feride, buti zimejaa tope, begi limejaa vibahasha. Alikuwa anachuma majani ya micheri mwitu milima yote ya pwani yetu ili kupima damu yao, kama alivyotueleza sisi tusiojua. Nazmiye alimpa mkate wa mahindi na maziwa ya mgando, akamruhusu kuchuma jani kwenye kila shina. Masika hii, maua yakikaribia kufunguka, Feride akarudi. Angeweza kuendelea na safari yake, lakini alikumbuka yule mama aliyemuuliza mara mbili kwa nini miti yake haizai.

Walikaa jikoni, Ihsan naye yupo. Feride akaeleza bila kujivuna. Kwenye misitu ya huku, alisema, kila mcheri uliotoka kwenye kokwa ni kama mtu wa pekee, haufanani na mama wala baba, na hakuna nchi yenye micheri mwitu ya namna nyingi kushinda mlima huu. Dubu, ndege na cheche, yule mnyama mdogo wa msituni, wameichanganya tangu zamani za zamani. Lakini kijibonde hiki kimemshangaza.

"Mama, majani yote niliyochuma kwako yametoka kwa mti mmoja. Yale mashina unayoyaona mengi, mpaka lile la kisimani, ni yeye yuleyule. Mzizi mmoja, damu moja."

Nazmiye akaweka glasi ya chai chini. Huyu msichana wa vitabu alikuwa amemwambia mbele ya shahidi kile alichokuwa akikijua peke yake kwa miaka yote ile.

"Ni yeye," akasema.

"Ndiyo. Na ndiyo sababu hazai. Mcheri haupokei chavua yake mwenyewe, wala ya ndugu wa damu yake. Nyuki waje wasije, ni bure. Anahitaji mgeni."

Ihsan akasema kumbe mti una haya kuliko watu wa kijiji cha juu, wanaooana wao kwa wao hadi masikio yamefanana. Feride akatabasamu. Kisha akauliza swali ambalo yeye aliliona dogo: zamani ulikuwa unazaa? Akaambiwa ulizaa sana. Akauliza, basi kulikuwa na micheri mingine karibu, imekwenda wapi?

Ihsan akainamia mikono yake.

Ilikuwapo. Micheri mitano ng'ambo ya kijito, kwa kina Zarife. Watu wale walipohama, bado waombolezaji wamejaa uani, Nazmiye alimshika Rustem ukosi wa shati mbele ya wote akasema hataki kuiona ile miti ikichanua mbele ya kaburi la mwanawe, hataki hata petali moja ya kwao ipeperuke huku. Rustem akavuka kijito na shoka. Visiki akavichoma, akavimwagia chumvi ili visichipue tena. Sote tuliona, na sote tulisema amefanya vizuri. Hasira hasara, tunawafundisha watoto, lakini siku ile hakuna aliyelikumbuka hilo.

"Niliikata mimi," Nazmiye akamwambia Feride. "Rustem alishika shoka tu."

Feride alikuwa mwungwana, hakuuliza zaidi. Alisema kuna njia ya haraka: kukata matawi yenye maua kutoka mcheri wa damu nyingine, kuyaweka kwenye maji na kuyaning'iniza ndani ya mti, nyuki wafanye lililobaki. Lakini lazima maua yawe wazi wakati mmoja. Akawaeleza pia kwamba tunda litakuwa la mti huu, ila kokwa litakuwa na nusu ya kule na nusu ya huku. Likipandwa litaota mti mpya, si huyu wala si yule.

Siku mbili Nazmiye aliutafuta mcheri wa damu nyingine. Kule chini upande wa bahari maua yalikwisha kuanguka. Kule juu micheri ilikuwa bado imefumba macho kwenye theluji. Hapa katikati sisi tulikata misitu zamani ili tupande njugu. Mcheri ulioko kwenye mwinuko sawa na wetu, unaochanua wakati mmoja na wetu, ulikuwa mmoja tu aliowahi kuusikia. Zarife, siku ya kupakia lori, alichimbua chipukizi la mcheri wake akalifunga kwenye gunia. Tulimcheka, mtu anahamia mlimani na mti wa mlimani. Sasa mti huo ulikuwa mkubwa kwenye ua wake bonde la pili.

Nazmiye akapiga moyo konde, akapanda gari la kukusanyia maziwa.

Zarife alikuwa ameketi mlangoni akichambua kabichi nyeusi. Alikuwa amezeeka kuliko alivyostahili. Alimtazama mgeni wake tangu aliposhuka barabarani hadi alipofika uani, hakuinuka, hakuacha kuchambua. Nyuma yake mcheri ulikuwa mweupe kutoka juu hadi chini, unavuma nyuki.

"Nilijua utakuja siku moja," akasema. "Nilidhani utakuja na bunduki."

"Nimekuja kuomba maua."

"Ya mti uliotuchomea?"

"Ya huo huo."

Zarife alicheka kicheko kisicho na furaha, akamwonyesha kigoda. Nazmiye akasimulia: udhamini, shoka la Ihsan, maneno ya Feride. Habari za nyayo hakukusudia kuzisema, zikamtoka zenyewe. Zarife alisikiliza hadi mwisho na jani la kabichi limesahaulika mkononi.

"Wako anakuja mpaka kisimani," akasema. "Wangu hajui njia ya kuja hapa. Hapa hakuzaliwa, hakucheza hapa. Alikufa gerezani kwa ugonjwa wa kifua, wakaniletea nguo zake kwenye mfuko. Na katika watu wote wa bonde letu, Nazmiye, watu niliokula nao, niliowazalisha, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia pole." Akalitupa jani. "Nipe pole. Mtaje jina, umsomee Fatiha. Kisha chukua mti mzima ukitaka."

Tangu siku ya mazishi Nazmiye hakuwahi kulitaja jina hilo. Alisema yule. Alisema muuaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mbele yake palikuwa na mzazi, lakini kujua jambo ni kitu kimoja na kulitamka ni kingine. Alitazama maua, akawaza mizizi ikitolewa ardhini kwa mnyororo wa trekta, akafungua viganja vyake.

"Pole, Zarife. Mungu amrehemu Bahri," akasema, na maneno yalipita kooni kama mwiba wa samaki. Akasoma. Nikisema alisamehe nitakuwa namsingizia. Alilipa bei ya maua, na Zarife naye alijua hivyo, akaipokea.

Zarife ndiye aliyepanda ngazi kukata matawi. Aliyafunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa, akamkabidhi moja moja kama mtu anayekabidhi watoto wachanga. Gari la maziwa lilipopiga honi alisema, bila kumtazama, kwamba wale vijana wao wawili walikuwa wanapanda mti mmoja, akishuka huyu anapanda yule, na ukimwita mmoja kula unapika kwa wawili.

Kwa siku mbili mvua ilinyesha na Nazmiye alikaa dirishani akiyatazama matawi yaliyoning'inizwa kwenye madebe ya maji juu ya kaburi, kana kwamba anamuuguza mtu. Siku ya tatu jua likatoka na nyuki wakaja. Baadaye maua yakaanguka kama kila mwaka. Lakini kwenye matawi ya karibu na madebe vilibaki vitu vidogo vya kijani, vigumu, na kila asubuhi alivigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha havijabadili nia.

Mwezi wa cheri Ihsan alikuja na shoka begani, maana alikwisha kuzoea kutoamini. Alisimama chini ya mti. Matunda hayakuwa mengi, yalikuwa madogo, meusi-mekundu, ya aina inayopaka midomo rangi. Akachuma moja akalitafuna, akatema kokwa kiganjani. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Basi shemeji, wewe si muongo," akasema. Akaenda kumpigia simu mnunuzi wa mbao asisumbuke kuja.

Nazmiye alichuma bakuli moja, akalituma kwa gari la maziwa bonde la pili. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu. Hili lilirudi na makokwa, yameoshwa, yakang'aa. Hakujua afanye nini nayo, akayaacha dirishani.

Wiki hiyo hiyo alipokuwa akifagia aliliona chipukizi jipya. Lilikuwa limepenya kati ya mawe mawili ya ngazi ya jikoni, karibu kabisa na kizingiti. Akaweka ufagio chini, akakaa pale pale. Siku nzima alipika. Alikanda mkate wa mahindi, akakaanga dagaa kwa unga kama alivyopenda Selami, akafua zulia dogo la mlangoni, akalianika na kulitandika kabla halijakauka sawasawa.

Alasiri ukungu ukapanda. Nyayo zikaanza kijibondeni, nyepesi, za haraka, zile zile. Zikapita ukuta. Nazmiye alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Zikapita kisima, na hapo ndipo aliposikia kwamba nyuma yake zilikuwapo nyingine.

Hizi zilikuwa nzito, za mtu mzima aliyechoka, anayesimama kidogo kukohoa kisha anafuata. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Yeye mwenyewe alimtaja jina lake, yeye mwenyewe alimleta kwenye matawi na kumning'iniza juu ya kaburi. Chuki ilimpanda kutoka tumboni hadi machoni, chuki safi, kana kwamba risasi ilikuwa imelia jana. Akalisukuma komeo. Akalisikia likiingia mahali pake.

Nje, nyayo nyepesi zilifika ngazini zikasimama. Hazikuja mlangoni. Zilikuwa zinangoja zile nzito zifike.

Na yule wa nyuma akafika. Wakasimama bega kwa bega upande wa pili wa mlango, kama wanavyosimama vijana waliochelewa kurudi na kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusema. Nazmiye aliegemeza paji la uso mlangoni. Aliwasikia wakipumua, mmoja vizuri, mmoja kwa shida. Akimfungia huyu, amemfungia na yule. Alilia kwa hasira, akamlaani Bahri, akawalaani baba zao wote wawili na mpaka wao na njugu zao, akalia mpaka hasira ikabaki kilio tu.

Kisha akajifuta uso kwa pembe ya kitambaa cha kichwa, akaondoa komeo.

"Vueni viatu," akasema. "Nyote wawili."